Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa: Wasomaji Wauliza

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni wakulima na hatujawahi kulala njaa. Hata hivyo, mtoto wetu wa pili, mwenye umri wa miezi 18, alipopimwa kliniki tuliambiwa kuwa amedumaa. Nilimwachisha ziwa akiwa na miezi 11 niliposhika mimba nyingine, na tangu hapo anakula uji kama watoto wote. Wazee nyumbani wanasema ufupi ni wa ukoo wetu. Inawezekanaje mtoto apate utapiamlo katika nyumba yenye chakula?
Mama, mkulima

JIBU: Inawezekana, mama, na hutokea mara nyingi. Kuhusu ukoo, Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vyake vya ukuaji mwaka 2006, lilitumia vipimo vya watoto wa nchi sita, kutoka mabara mbalimbali, walionyonyeshwa na kutunzwa ipasavyo. Ikaonekana kwamba katika miaka ya mwanzo walirefuka kwa namna inayokaribiana sana. Kwa hiyo, ufupi wa mtoto wa umri huu usihusishwe na ukoo kabla ya kuchunguza anakula nini na anaugua mara ngapi.

Tumbo la mtoto mdogo hubeba takribani gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo nane hushiba kwa gramu 240 hivi. Uji mwepesi wa nafaka tupu humjaza maji, akaonekana ameshiba ilhali mwili umekosa nishati, protini, madini ya chuma na zinki. Uji wake uwe mzito, utiwe mafuta kidogo, na kila siku apate vyakula vya jamii ya kunde, mboga, matunda na, inapowezekana, yai, samaki au nyama. Ale mara tatu hadi nne kwa siku, pamoja na vitafunio. Nasikitika kila ninaposikia kwamba mayai na maziwa ya nyumbani yote huuzwa, huku mtoto aliyeyahitaji zaidi akibaki na uji.

Hatari nyingine hujificha katika kalenda ya shamba. Msimu wa kupanda mara nyingi ndio ambao akiba imepungua, mvua zimechafua vyanzo vya maji, kuhara kumeongezeka, na mama anashinda shambani huku mtoto akilishwa na ndugu zake wadogo. Aidha, mtoto anayetambaa penye kinyesi cha kuku na mifugo humeza vijidudu mara kwa mara, utumbo wake ukadhoofika, hata chakula kizuri kisimfae ipasavyo. Mzigo huo si wa mama peke yake. Baba naye ana wajibu wa kupunguza kazi zako, hasa sasa.

Mimba pekee haikulazimu kumwachisha ziwa, mradi una afya njema na mhudumu wa afya hajakuzuia. Wewe mwenyewe ongeza mlo na uhudhurie kliniki, maana mtoto anayezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 huanza maisha akiwa katika hatari hiyo hiyo ya kudumaa. Baada ya kujifungua, inashauriwa kusubiri angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine.

SWALI: Je, mtoto anayehara apumzishwe kula?

JIBU: Hapana. Aendelee kunyonya na kula kidogo kidogo, apewe maji ya chumvichumvi ya ORS pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na macho yaliyobonyea, damu kwenye choo, akishindwa kunywa au akivimba miguu yote miwili. Vivyo hivyo ikiwa ana umri wa miezi 6 hadi 59 na ukanda wa kupimia mkono wa juu unaonyesha chini ya sentimita 11.5.