Mabomba hayajachakaa, mzee

SWALI: Kinanda cha mabomba cha kanisa letu kina noti moja inayolia yenyewe, na ikifika ibada ya pili sauti zinagongana mpaka kwaya inapotea. Fundi tuliyempata anasema mabomba yamechakaa: atayakata vichwa yapate tuni, ayapige rangi, na matundu ya mvukuto ayazibe kwa silikoni. Wiki mbili tu, na bei ni nafuu. Tukubali? (Mzee wa kanisa)

JIBU: Shikamoo mzee. Mkatalieni, na ufunguo msimwachie.

Bomba halichakai kwa kupulizwa. Kinachozeeka ni ngozi, ile ya mvukuto na ile ya vali ndogo zilizo chini ya mabomba. Ikikauka, vali haifungi sawasawa, upepo unapenya, noti inalia yenyewe. Pengine ni takataka tu imenasa. Majuzi nilitoa bawa la mchwa kwa kikoleo: saa mbili za kulitafuta, dakika moja ya kulitoa.

Kugongana kwa sauti ni joto. Kutoka nyuzi 22 asubuhi hadi 30 ibada ya pili, mabomba ya kawaida hupanda karibu robo ya nusu-toni, na yale yenye ulimi wa shaba hayafuati. Fungeni tarumbeta, yaani hayo mabomba ya ulimi, msikilize tena. Kukata kunapandisha sauti zaidi, na bomba lililokatwa halirefuki.

Ila silikoni ndiyo inayonichosha. Inaziba kweli, kwa muda. Siku ya kubadilisha ngozi, gundi yetu ya moto haishiki popote ilipopita, na tunabaki kukwangua mbao. Nimeshaona sanduku zima la upepo, lile linalobeba mabomba, likitupwa kwa ajili ya kopo moja la silikoni. Mafundi hawa huwa wameshahama mji.

Kinanda kikuu cha kanisa la Notre-Dame, Paris, hakikuungua katika moto wa 2019. Kilijaa vumbi la madini ya risasi tu. Hata hivyo mabomba yake, karibu 8,000, yalishushwa mwaka 2020 yakasafishwe. Kuyarudisha kwenye sauti kulichukua miezi, tena usiku, mafundi wengine wakiwa wamelala, na kinanda hakikusikika ibadani hadi Desemba 2024. Huyo wenu anataka wiki mbili!

Yeyote atakayekuja na msumeno na kopo la rangi kabla hajaomba kuuona mvukuto, mpeni chai, aende zake.