Ngorongoro na watoto wakati wa kipupwe: yaliyotupata mara ya kwanza na tunavyojiandaa sasa

Dada uliyeuliza kama wanao wawili, wa miaka minne na minane, wataiweza baridi ya Ngorongoro likizo hii ya mwezi wa sita, na mbebe nini kutoka Moshi: wataiweza, na watafurahi sana. Sisi tumekwenda na watoto mara tatu, na mara zote ilikuwa kipupwe, kwa kuwa ndipo shule zinapofungwa. Safari ya kwanza nusura ituharibikie kabisa, kwa hiyo nitaandika kirefu, univumilie.

Kwanza uelewe mnakokwenda. Moshi mjini tuko kama mita 800 na ushee kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la mviringo wanamokaa wanyama, uko mita 2,300 hivi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo asubuhi ile ile ambayo mitaa yetu ya Pasua au Majengo mtu anatoka na sweta jepesi, kule juu pamepungua nyuzi 9 hivi, na bado hujaweka upepo. Halafu kuna ukungu. Upepo wa kusi unakuja na unyevu wa bahari, ukigonga miinuko ile upande wa mashariki unapanda, unapoa na kugeuka ukungu na manyunyu. Ndiyo sababu upande mnaoingilia ni msitu mnene wenye miti iliyoota kama ndevu za kijivu, na ukivuka kuelekea Serengeti unakuta nyasi tupu. Watu watakwambia Juni ni kiangazi, masika yamekwisha. Ni kweli yamekwisha. Lakini ukingoni unaweza kulowa chepechepe bila tone la mvua kudondoka.

Sasa yaliyotupata. Tulikuwa sita: mimi, mama watoto, watoto watatu, na mama mkwe wangu, ambaye amepita miaka sabini na alitaka sana kumwona faru kwa macho yake. Mtoto wetu wa kati alikuwa na miaka sita. Tulimvalisha jinzi na hudi nene ya kotoni, tukiamini ndiyo nguo yenye joto kuliko zote alizo nazo. Pale lango la Lodoare, pa kuingilia hifadhi, tulisimama kusubiri taratibu za malipo. Watoto wakashuka kucheza. Kulikuwa na manyunyu, si ya kumfanya mtu akimbie, yale yanayotua juu ya nywele kama unga. Dakika ishirini tu. Aliporudi garini hudi ilikuwa imekunywa maji yote na suruali imelowa hadi magotini.

Nguo za akiba zilikuwepo, ila mabegi tuliyafunga juu ya gari, chini ya turubai. Tukasema itakaukia mwilini. Tukaendelea hadi pale pa kutazama kreta kutoka juu, tukashuka tena, upepo unavuma na ukungu umefunga hata ukuta wa kreta hatukuuona. Tulivyorudi ndani, mtoto akanyamaza. Huyu ni mtoto anayeongea kuanzia anapoamka. Nikadhani ni usingizi wa kuamshwa alfajiri. Mama mkwe ndiye aliyempitishia mkono shingoni, akaniambia, "Baba, simamisha gari. Mtoto amepoa huyu."

Tulimvua kila kitu. Mama yake akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, tukawafunga wote wawili kwa shuka la Kimasai la bibi na khanga juu yake, kichwa cha mtoto tukakifunika kwa kilemba cha bibi. Dereva akatoa chai ya maziwa kwenye chupa yake mwenyewe, tukamnywesha kidogo kidogo. Ilichukua karibu saa nzima hadi akaanza kuuliza simba wako wapi. Siku ile sikuona mnyama yeyote vizuri, maana muda wote nilikuwa nakitazama kifua chake kikipanda na kushuka.

Nimeeleza hayo ili uone kwamba shida yetu haikuwa kukosa nguo nzito. Shida ilikuwa maji. Mtoto mdogo hupoteza joto haraka kuliko sisi kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na nguo iliyolowa inayonyonya joto mwilini ni mbaya kuliko kutovaa sweta. Ukiweza kumweka mkavu, hata nguo za kawaida za nyumbani zinatosha.

Aliyetufundisha ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, ambaye ni mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, amebeba mizigo Kilimanjaro miaka mingi. Tulipomsimulia alisikitika sana, na wiki iliyofuata akatupeleka mwenyewe Memorial, soko la mitumba la Moshi. Dada, ninyi mko Moshi, hamna haja ya duka la vifaa vya mlimani. Nendeni Memorial asubuhi, belo za nguo zikiwa ndiyo kwanza zinafunguliwa, na mtafute vitu viwili tu kwa kila mtoto.

Cha kwanza ni lile sweta laini la manyoya mepesi ambalo watu wa mlimani huliita flisi. Halinywi maji kama kotoni, na hata likilowa ukilikamua na kulikung'uta linabaki na joto lake. Cha pili ni koti la mvua lenye kofia, liwe kubwa kuliko mtoto, lipite juu ya sweta na lifike mapajani. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela, kwa sababu koti la mtumba linaweza kung'aa kama jipya na bado likapitisha maji kama chujio. Shemeji alikuwa na chupa ya maji mkononi. Akimaliza kulikubali kwa macho anamwomba muuzaji ruhusa, anamwaga maji kidogo begani na kuyaacha. Yakitelemka kama shanga, vizuri. Kitambaa kikigeuka rangi na kuwa cheusi, anarudisha. Kisha analigeuza ndani na kuangalia mishono: ukikuta utando wa ndani unabanduka kama ngozi ya kitunguu, koti hilo limekwisha kazi hata kama nje ni zuri. Wauzaji walikuwa hawakasiriki, wanamjua. Sisi tulilipa elfu saba kwa koti la mdogo, na limevaliwa na watoto wawili kwa zamu.

Nguo ya kugusa ngozi iwe fulana ya michezo, ile ya kuteleza, si ya kotoni. Suruali iwe traki. Jinzi iacheni nyumbani kabisa, ikilowa haikauki siku hiyo. Kofia ya sufu, na soksi jozi tatu kila mtoto, kwa sababu soksi ndizo zinazolowa kwanza. Wengi huvalisha watoto gambuti na kuona wamemaliza, lakini gambuti haina joto lolote bila soksi nzito ndani. Raba inatosha kwa mtoto atakayekaa garini sehemu kubwa ya siku. Ikilowa, ijaze magazeti makavu na uyabadilishe baada ya saa moja, nayo nimejifunza kwa wagumu. Mwavuli msibebe, upepo wa ukingoni utaugeuza nje ndani.

Na usisahau mchana. Chini kwenye kreta mnashuka kama mita 600 kutoka ukingoni, ukungu unabaki juu kama kifuniko, na jua likipasua saa nne au saa tano watoto wanaanza kulalamika joto. Mtoto akitoka jasho ndani ya makoti, jasho hilo litamrudia kama baridi mkipanda tena jioni. Kwa hiyo mvishe nguo nyepesi nyingi za kuvua moja moja, na uwe unampapasa mgongoni. Mgongo ukiwa na unyevunyevu, toa moja.

Kuhusu gari, safari ya kwanza paa la lile tulilokodi lilikuwa linavujia kiti cha nyuma, na mwenye gari alijua bila kutuambia. Tangu hapo siku moja kabla ya safari naenda kuliona gari, naomba limwagiwe ndoo ya maji juu paa likiwa limefungwa, na mimi nimekaa ndani. Hakuna dereva mwema aliyenikatalia. Naangalia pia kama vioo vinapanda hadi mwisho na kama hita inafanya kazi. Kingine kwa dereva: mwombe asifungue paa ukingoni. Watoto watalilia kusimama, wana haki, ndiyo raha yenyewe, lakini mtoto aliyetoa kichwa nje gari likiwa linakwenda kwenye ukungu anapigwa na upepo na maji kwa pamoja. Wasubiri hadi mfike chini, gari liende polepole. Huko watasimama hadi wachoke.

Begi la kila mtoto likae miguuni pake, si juu ya gari. Ndani yake: seti moja kamili kavu kuanzia chupi hadi kofia, na taulo dogo. Zamani tungetia nguo mbichi kwenye mfuko wa rambo, lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, msiende nayo. Sisi tunabeba ndoo ya plastiki ya lita kumi yenye mfuniko. Asubuhi inakaa vyakula, jioni inakaa nguo mbichi na viatu vya matope, na katikati ya safari imewahi kuwa choo cha dharura cha mdogo, kwa sababu ndani ya kreta huruhusiwi kushuka popote isipokuwa sehemu maalumu.

Chakula kwangu ni sehemu ya kinga ya baridi sawa na koti. Mtoto mwenye njaa hapati joto hata umfunge mablanketi matatu. Mama mkwe hupika mtori mzito, ile supu ya ndizi, usiku, asubuhi anauchemsha tena na kuutia kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, iliyosuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka. Saa sita mchana bado unafuka moshi. Ongeza chupa ya pili ya chai ya tangawizi, maandazi, mayai ya kuchemsha. Wengi hupumzika kula pale Ngoitokitok, kwenye bwawa la viboko. Panapendeza sana, ila kuna mwewe wanaoshuka kwa kasi na kupokonya chakula mkononi, na kucha zao zinaweza kumchana mtoto usoni. Kuleni ndani ya gari, vioo vimefungwa, kisha ndiyo mshuke kutazama viboko.

Mkilala, kwa umri wa wanao laleni Karatu, msilale kwenye hema ukingoni. Karatu iko chini zaidi na usiku wake unavumilika kwa mablanketi mawili. Na popote mtakapolala, nakuomba sana dada, asije mtu akakuingizia jiko la mkaa chumbani eti liwapashe joto. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mnalala na hamwamki. Jazeni maji ya moto kwenye chupa, mfunge vizuri, mzungushie soksi au khanga, mweke miguuni mwa mtoto. Kama kuna mwenye pumu, hewa baridi inaweza kumwamshia, dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni mwako, si kwenye begi.

Dalili za kuziangalia ni hizi nilizoziona kwa wangu na ambazo daktari alinifafanulia baadaye. Mtoto anayetetemeka anahitaji nguo kavu na kitu cha moto sasa hivi, lakini mwili wake bado unapigana. Mtoto aliyekuwa anatetemeka kisha akaacha bila kupashwa joto, anayenyamaza, anayesinzia, anayeshindwa kushika kikombe vizuri au kuongea kama mlevi, huyo ana hatari. Mvue nguo mbichi, mkaushe bila kumsugua kwa nguvu, mkumbatie ngozi kwa ngozi, funika kichwa, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri, na dereva ageuze gari kwenda kwenye huduma ya afya. Usimwogeshe maji ya moto.

Bibi kama anakwenda nanyi, mpeni kiti cha mbele, upande wa mlango usiopitisha upepo, na shuka lake asiliweke kwenye begi. Wazee hawasemi wakisikia baridi, wanaogopa kuwaharibia watoto siku. Sisi sasa tunamuuliza mama mkwe kila tunapompa mtoto chai, na anapewa yeye kwanza. Safari ya pili alimwona faru wake, mbali kidogo lakini alimwona, akiwa amejifunga shuka hadi puani.

Na mkishuka kurudi, kumbukeni kwamba mkifika Mto wa Mbu mmeteremka zaidi ya mita 1,000 na joto limerudi. Watoto watakuwa wamelala na makoti yote mwilini, wanatoka jasho shingoni. Simameni hapo muwavue, muwape maji ya kunywa, muwanunulie ndizi nyekundu za pale sokoni, halafu ndiyo muikamate barabara ya Makuyuni.