Ua la mlangoni na dawa ya mwanangu

SWALI: Mwanangu wa miaka 6 anatibiwa saratani ya damu. Nimeambiwa dawa yake mojawapo, vinkristini, inatokana na ule mmea wa maua ya pinki yenye petali tano, nami ninao mlangoni. Nikimchemshia majani yake, si atapona upesi? Yeye naye anauliza kama wanyama wana dawa za namna hii. – Mama anayeuguza

JIBU: Pole sana, mama. Uliyoambiwa ni kweli, lakini nakusihi usimchemshie. Kama umeshamnywesha, mwambie daktari wake leo hii, hatakugombeza.

Nimeitayarisha dawa hiyo wodini miaka mingi. Haina rangi, ni kama maji. Dozi moja kwa kawaida haizidi miligramu 2, yaani pungufu ya chumvi inayonata kwenye ncha ya kidole. Huingizwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikichomwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa, huua. Kwa hiyo hatukuitoa mpaka watu wawili tumesoma kibandiko, kila mmoja kwa macho yake.

Sasa tazama majani yako. Tani nzima ya majani makavu hutoa gramu chache tu za vinkristini, ikiwa imechanganyika na alkaloidi nyingine zaidi ya 70, yaani kemikali za asili zenye nguvu, ambazo nyingi ni sumu. Kwenye sufuria huwezi kujua umechota ipi, wala kiasi gani. Miaka ya 1950 huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer waliujaribu mmea huu kwa panya wakitafuta dawa ya kisukari. Sukari haikushuka, zilizoshuka ni seli nyeupe za damu, na panya wakafa kwa maambukizi. Hapo ndipo ilipozaliwa dawa ya saratani. Lakini seli za mwanao zimeshapunguzwa na matibabu, mama. Usiziongezee mzigo.

Wewe angalia choo chake. Akikosa choo, au akilalamikia ganzi vidoleni, wajulishe wodini mapema. Vinkristini ina tabia hiyo.

Na mwambie mwanao: ndiyo, wapo wanyama wenye kemikali za namna hii. Wako vyura wa Amerika ya Kusini, wadogo kama kidole gumba, wenye rangi kali, ambao ngozi zao zimejaa alkaloidi. Hawazitengenezi wenyewe, wengi huzipata kwa kula sisimizi na utitiri. Chura huyohuyo akilelewa kwenye tangi la kioo na kulishwa wadudu wengine, hana sumu hiyo.