Mwalimu wa Baiskeli Anajibu: Kupanda Mnaniuliza Wote, Kushuka Je?

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Nakuru. Nilifundisha shule ya msingi upande wa Bahati na kazini nilikwenda kwa baiskeli ya Black Mamba, ile ya keria pana, mvua au vumbi. Siku hizi Jumamosi natoka na vijana na wazee wenzangu kujinyoosha. Ugonjwa mpelekee daktari. Njia, magurudumu na viatu, leta hapa.

*

Mwalimu, hujambo? Nina miaka 52, naishi Section 58. Daktari amesema nitembee nipunguze kilo. Sisi wanawake wa chama tumekubaliana kupanda Menengai badala ya kukutana kwa chai na mandazi tu. Nina wasiwasi na ule mlima. Tutafika kweli? – Mama wa Chama

Sijambo, mama. Mtafika, tena mkicheka. Mji wetu uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na kilele cha Menengai ni mita 2,278. Hizo ni mita mia nne na ushei za kupanda, mkifuata barabara ya Milimani hadi msituni. Mkichoka mnasimama, mnasengenya kidogo, mnaendelea. Anayehema hadi hawezi kutoa sentensi moja akae chini apumue. Hakuna anayewafukuza.

Kazi inaanza mkishafika. Mtaona lile bonde la volkeno, kilomita kama 12 kwa 8, mvuke wa visima vya jotoardhi ukipanda kutoka chini. Mtapiga picha, mtakula ndizi, na kila mmoja atajiona amemaliza. Kumbe mko nusu ya safari, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza magoti. Nimeshusha watu wengi pale. Kupanda walinitangulia, kushuka, mapaja yanatetemeka, kidole gumba kinagonga ncha ya kiatu kila hatua, na kufikia Jumapili ukucha umekuwa mweusi kama zabibu.

Basi fanyeni hivi. Usiku wa kuamkia safari kateni kucha za miguu. Mkiwa kileleni, kabla hamjageuka, fungueni kamba za viatu na mzifunge upya, mkikaza pale kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele. Shukeni kwa hatua fupi, goti likiwa limekunjwa kidogo, msikanyage kwa kisigino kama askari wa gwaride. Penye mteremko mkali kateni njia kwa kushoto na kulia badala ya kunyoosha moja kwa moja. Na kila mmoja awe na fimbo. Najua mtaona aibu, mtasema fimbo ni ya wazee. Aibu hiyo huisha kwenye changarawe, hasa pale majani makavu ya mikaratusi yameifunika.

Mazoezi? Tafuteni jengo lenye ngazi mjini. Pandeni kwa lifti kama ipo, mshuke kwa miguu. Nyinyi mnatayarisha kushuka.

Ondokeni mapema, mwende kundi zima, msiache mmoja nyuma na msiingie vichochoroni msituni. Chini shimoni msiteremke bila mtu anayepajua. Kule ni mawe ya volkeno na vichaka, na mahali pote panafanana. Mkizoea mniandikie tena, nitawaelekeza mlima Longonot. Ile ni mita 2,776 na kuzunguka ukingo wake ni kilomita 7 hivi za kupanda na kushuka. Lakini si mwezi huu.

*

Niaje Mwalimu. Nimenunua baiskeli ya mtumba hapa soko la Kibuye, ina gia 21. Na mabeshte tunakuja mbuga ya Hell's Gate, huko Naivasha, mwezi ujao. Nimekuwa nikipanda kilima cha Riat kila wikendi kujitayarisha. Gia hizo zinatosha ama nibadilishe? – Kijana wa Kisumu

Poa, kijana wangu. Aliyepanda Riat hana shida ya gia. Niambie ulishukaje.

Umenihesabia gia 21 na breki hukuzitaja hata moja. Zigeuze hizo raba uzitazame. Zikiwa zimeliwa hadi mifereji yake imepotea, nunua mpya. Bei yake haifiki hata nusu ya kuosha kidonda. Vuta waya: ukiona nyuzi zimechanika karibu na mkono wa breki, usimwambie fundi aufunge tena, mwambie aubadilishe. Kisha fanya jaribio langu. Simama kando ya baiskeli, isukume mbele, bana breki ya mbele ghafla. Gurudumu la nyuma likiinuka, breki iko. Baiskeli ikiendelea kwenda, hiyo ni mkokoteni.

Kwenye mteremko wa murram, nyanyuka kitini, peleka makalio nyuma, pedali zote mbili ziwe sawa, hakuna iliyo chini. Bana, achia, bana, achia. Ukiing'ang'ania toka juu hadi chini, rimu inachemka na raba inalainika. Ukiwa kwenye kona yenye mchanga, usiguse breki ya mbele. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Sasa Hell's Gate yenyewe. Ilitangazwa mbuga mwaka 1984, nayo ni mojawapo ya mbuga chache nchini unapoweza kutembea au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Kutoka geti la Elsa hadi kwenye korongo ni kilomita kama 8 za vumbi, kivuli hakuna. Miiba ya migunga haijali tairi yako ilitoka Ulaya: beba kiraka, gundi, pampu na tyubu nzima. Rafiki zako wakikodisha karibu na geti, wajaribu breki kabla ya kulipa, si baada.

Pundamilia, ngiri na twiga watakuangalia wakirudi kula. Nyati ni habari nyingine. Ukimwona karibu na njia, simama mbali, mpe nafasi aondoke, na usimpigie kengele. Nimeona kijana akimpigia. Alirudi getini kwa kasi ambayo hakujua anayo.

Korongoni hakuna mzaha. Mvua inaweza kunyesha mbali juu vilimani, wewe ukiwa kwenye jua, na maji yakaja kwa ghafla kati ya zile kuta. Septemba 2019 yaliua wageni pamoja na mtembezaji wao. Wingu likitanda upande wowote, kaa nje, hata kama umelipa na umetoka Kisumu.

*

Mwalimu, nataka kuwapeleka wanangu wawili msitu wa Kakamega likizo hii. Wana miaka 9 na 12. Ni lazima kuchukua mtembezaji? – Baba wa Mumias

Ndugu, chukua. Watembezaji utawapata kituo cha Isecheno, huko msituni, na mtu aliyekulia pale ataonyesha watoto mbega juu ya mti ambao wewe ungepita chini yake ukitazama simu. Apandishe watoto kilima cha Lirhanda, waone msitu wote kutoka juu. Mteremko wake ukilowa ni utelezi mtupu, wacha wakae chini washuke kwa makalio; suruali zitafuliwa.

Nendeni asubuhi. Mvua ya Kakamega hupenda alasiri, na chini ya miti giza huingia kabla ya wakati. Ncha za suruali ziingie ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu. Watoto watacheka jinsi mnavyoonekana. Atakayekataa atacheza densi porini, na mtamvua suruali mbele ya wote.

*

Mimi hukimbia asubuhi kwenye njia ya miguu karibu na kwetu Njoro. Akina mama wenye kuni na vijana wa ng'ombe hawanipishi hata nikipiga kelele. Nani ana haki? – Mkimbiaji

Wao. Wewe unacheza, wao wako kazini. Mwenye mzigo kichwani hawezi kugeuza shingo. Pita kando, salimia, endelea. Ng'ombe hasikii "niko kushoto kwako". Na wewe mwenye baiskeli unayesoma hapa ukimcheka mkimbiaji, hayo ni yako pia, hasa ukiwa unateremka: anayeshuka humsubiri anayepanda.

*

Swali fupi: naweza kuingia Mbuga ya Ziwa Nakuru na baiskeli? – Msomaji, Free Area

Hapana, si kwa siku za kawaida. Kule kuna simba, nyati na vifaru, na utaratibu ni gari. Kumewahi kuwa na siku maalumu ya baiskeli ndani ya mbuga, askari wakiwa kila mahali, hiyo hutangazwa. Nje ya siku hiyo njoo Jumamosi tupande Menengai. Lete breki.