Tambi za Chongqing: Ganzi ya Ulimi na Donge Jeupe

SWALI: Dada, shikamoo. Niko Chongqing, China, mwezi wa pili sasa, nasomea uhandisi. Mchana wenzangu wa darasani hunipeleka kwenye kimgahawa karibu na bweni, kula tambi za pilipili. Siku ya kwanza midomo ilikufa ganzi, ulimi ukatetemeka kama nimelamba betri. Pilipili za kwetu Tanga nazimudu, hii sijapata kuiona. Ni mzio? Halafu mimi ni Mwislamu. Nikiagiza bakuli lisilo na nyama, nimesalimika?
Mwanafunzi, Chongqing

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mji huo nimeishi miaka minne, na bakuli hilo nalijua.

Kilichokutia ganzi si pilipili. Ni huajiao, vijiganda vyekundu vya tunda dogo la mti wa ukoo mmoja na ndimu. Visugue kiganjani, harufu yenyewe itakuambia. Pilipili inaunguza, huajiao inatia ganzi, na wenyeji wana neno moja la vyote viwili: mala. Ganzi hiyo huisha yenyewe baada ya dakika kadhaa. Lakini ukiona midomo inavimba, vipele vinatoka au pumzi inabana, kimbia hospitali, maana mle ndani mna karanga za kupondwa na mara nyingi ufuta pia. Ukali ukikuzidi, maji hayasaidii, kunywa maziwa. Na wakati wa kuagiza sema "weila", pilipili kidogo, au "bu yao huajiao", usitie huajiao. Hakuna atakayekushangaa.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikujibu wewe kwanza.

Wiki yangu ya kwanza nami niliagiza xiaomian, tambi tupu, nikaona nimejihifadhi. Nikasimama kumtazama mama mwenye duka. Alikuwa amepanga mabakuli mezani kama mama lishe wa kwetu saa saba mchana, mkono unaruka kopo hadi kopo: mchuzi wa soya, maji ya kitunguu saumu, tangawizi, mafuta mekundu ya pilipili. Kisha akachota donge jeupe, akaliacha chini ya bakuli. Nikadhani samli iliyoganda. Supu ya moto ikamiminwa, donge likayeyuka, na mimi nikala mpaka tone la mwisho. Jirani yangu wa bweni ndiye aliyeniambia jioni: zhuyou, mafuta ya nguruwe. Supu yenyewe mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe.

Kwa hiyo hapana, mdogo wangu, kukosa nyama hakutoshi. Uliyokwisha kula bila kujua usiyakoseshee usingizi, Mola anajua nia yako. Kuanzia kesho uliza kabla hawajaanza kuchanganya, na usione haya. Andika kwenye simu kwa Kichina kwamba huli nguruwe wala mafuta yake, umwonyeshe mwenye duka. Wengi watakujibu kwa ukweli kwamba hawawezi.

Basi tafuta kibao chenye neno qingzhen, yaani halali, mara nyingi cha kijani; zamani vingi vilikuwa na maandishi ya Kiarabu pia. Hayo ni maduka ya Waislamu, wengi wakiwa Wahui, kabila la Waislamu wa China, na utayakuta mjini kote. Wanavuta tambi kwa mikono mbele yako, na supu ni ya ng'ombe. Wenzako wa darasani waalike huko siku moja. Wangu walikuja mara moja, baadaye wakawa wananitangulia kushika meza.