Dawa ya kukojoza na iodi ya mama

Swali: Dokta, mama yangu ana miaka 62, anakunywa furosemidi kila asubuhi kwa ajili ya moyo. Amekulia kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, na ana rovu la zamani. Ameambiwa dawa hiyo inamaliza iodi mwilini. Aiache? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

Jibu la mfamasia: Asiiache, ndugu yangu. Moyo wake ukizidiwa, siku chache zinatosha maji kujaa mapafuni. Iodi haiishi kwa siku chache.

Ila aliyemwambia hakudanganya. Sodiamu, figo huing'ang'ania; iodi haina wa kuishika hivyo. Inachujwa, sehemu yake inarudi damuni ikifuata maji na chumvi, iliyobaki inateremka kibofuni. Hata asiyemeza kidonge chochote hutoa kwa mkojo karibu 90% ya iodi anayokula. Furosemidi inazuia chumvi na maji kurudi, na iodi inasombwa humo. Mwenye kula vizuri hatetereki: tezi yake ya shingo, ile inayovimba kuwa rovu, ina akiba ya iodi ya miligramu 10 hadi 20, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku.

Kwa mama yako mimi naogopa zaidi sahani. Amekatazwa chumvi nyingi, na kwetu Kivu iodi inakuja na chumvi hiyohiyo. Sambaza wetu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa iodi hawafikii samaki wa bahari. Watafiti waliofika Idjwi miaka ya 1960 walikuta iodi haba kisiwa kizima, lakini rovu limezidi kaskazini, na baadaye wakaunyooshea kidole muhogo. Sianidi yake inageuka mwilini kuwa tayosianati, ambayo inaiwekea iodi kizuizi mlangoni mwa tezi. Basi muhogo wa bugali ulowekwe siku za kutosha kabla ya kuanikwa.

Chumvi asiongeze hata chembe. Aache ile ya kupimiwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi, inayopigwa jua na unyevu mpaka iodi yake inapungua. Anunue ya pakiti iliyoandikwa iodi, aihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko, aitie kwenye sombe (majani ya muhogo) wakati wa kuepua.

Na nakusihi: asinywe Lugol, ile dawa ya maji yenye iodi nyingi, wala matone yoyote ya iodi. Rovu la miaka mingi lenye vinundu, likipewa iodi nyingi kwa ghafla, linaweza kumwaga homoni kupita kiasi na kuuendesha mbio moyo ambao tayari umechoka. Kwanza apimwe TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha tezi inavyofanya kazi, na daktari wake wa moyo aione karatasi ya majibu.