Sindano haijui kabila, au inajua?

SWALI: Habari za kazi dokta. Nasoma uuguzi mwaka wa pili, juzi darasani ukatokea ubishi mkubwa. Mwalimu alisema hospitali ikiwa na wafanyakazi mchanganyiko, rangi, lugha na asili tofauti, basi pengo la afya kati ya watu linapungua. Jamaa mmoja akadakia ati hizo siasa tu, dawa ni dawa, sindano haijui kabila. Mi nikakosa cha kujibu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Salama mdogo wangu. Huyo jamaa ana nusu ya ukweli, sindano haijui kabila lakini mkono unaochomwa unajua sana tu.

Kuna utafiti ulifanyika Oakland kule California, ulitoka 2018, mi naupenda kwa sababu haukuuliza watu maoni, uliangalia wanafanya nini. Watafiti walipita vinyozi na minadani wakaalika wanaume weusi kama 1,300 waje kupima afya bure. Waliofika wanapewa tableti yenye picha ya daktari wao, wachague vipimo. Hapo hakuna tofauti, daktari awe mweusi asiwe, wanachagua vilevile. Sasa daktari akishaingia wakaongea naye ndo mambo yanabadilika, waliopata daktari mweusi wanaongeza vipimo, na kilichopanda zaidi ni vile vya kuchomwa: damu ya sukari, ya kolesteroli, chanjo ya mafua. Presha hata mgeni unamruhusu akupime, ila damu yako humpi mtu usiyemwamini. Watafiti wakakadiria kwamba hali hiyo ingeweza kupunguza asilimia 19 ya pengo la vifo vya moyo kati ya wanaume weusi na weupe.

Na usiwaone waoga. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972 serikali iliwafuatilia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokuwepo. Hayo babu anamsimulia mjukuu.

Halafu kuna kile kidude cha kubana kidoleni cha kusoma oksijeni, bila shaka umeshakishika. Kinapitisha mwanga kwenye ngozi, na kwenye ngozi nyeusi mara nyingine kinadanganya, kinasoma 94 mgonjwa anaonekana yuko poa kumbe damuni iko chini ya 88. Utafiti wa Michigan wa 2020 ulikuta kwa wagonjwa weusi kosa hilo linatokea karibu mara 3 kuliko kwa weupe. Na kilichoniudhi mimi ni kwamba dalili zake zilishaandikwa tangu 1990! Miaka 30 kidude kinaendelea kuuzwa tu. Hivi kwenye meza ya wanaokitengeneza na kukipitisha wangekuwepo watu weusi wa kutosha, ingechukua muda wote huo?

Ila mwalimu wako naye asizidishe, haina maana kila mgonjwa atafutiwe daktari wa kwao, haiwezekani, Marekani yenyewe weusi ni kama asilimia 13 ya watu lakini kwa madaktari wako kama asilimia 6 tu. Na kuna hospitali zinajisifu mchanganyiko wakati ukiangalia mchanganyiko wenyewe uko mapokezi na kwenye usafi, wanaopanga bajeti wote ni walewale. Hiyo naiita rangi ya ukutani.

We kama muuguzi utaliona hili kwenye lugha kwanza. Mama kaja na mwanae wa miaka kumi ndo mkalimani. Dokta anauliza una shida gani, mama anamwangalia mtoto, anasema tumbo linauma, basi. Mtoto anatafsiri, dokta anaandika maumivu ya tumbo, anapewa vidonge wanaondoka, kumbe anatokwa damu wiki ya tatu na hawezi kulitamka hilo mbele ya mtoto wa kiume. Muuguzi anayeijua lugha ya yule mama angemtuma mtoto akanywe maji kwanza.